Njaa kwenye migomba

Ukishuka kwenye daladala pale Kiboriloni, huwezi kuamini kwamba mlima huu umewahi kujua njaa. Mikungu ya ndizi imelazwa chini hadi unatafuta pa kukanyaga. Wiki iliyopita nilisimama pale na mama mmoja muuza mchare. Aliposikia nimetoka kuzungumza na kijana anayesomea shahada ya uzamili ya lishe, alicheka sana. "Mwanangu, mtu aende chuo kikuu kufundishwa kula?"

Nami nilicheka. Kisha nikakumbuka nyumba moja ya jirani, huko nilikokulia. Palikuwa na mtoto ambaye hatukumwona akicheza. Siku moja mlango ulisahauliwa wazi, nikamwona: miguu imevimba, nywele nyepesi za rangi ya kutu, uso usiotaka kitu. Mama yangu alinivuta mkono na kunikanya nisiseme popote. Unyafuzi ulikuwa aibu kabla ya kuwa ugonjwa. Nani akiri njaa kwenye mlima wa ndizi?

Aibu hiyo imeandikiwa kitabu kizima. Mwaka 1997 Mary Howard na Ann Millard, wataalamu wa anthropolojia, walitoa Hunger and Shame, kuhusu utapiamlo wa watoto wa Kilimanjaro. Howard aliwahi kufanya kazi hapa miaka ya 1970, wakati KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ilipokuwa na kitengo cha watoto hao kilichoitwa NURU.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa na Daktari Cicely Williams mwaka 1933, huko Gold Coast, Ghana ya leo. Jina la kwashiorkor alilichukua kwa Waga, nalo lahusu mtoto anayeondolewa ziwani mwenziwe akizaliwa. Pale Mulago, Kampala, madaktari waliuchunguza miaka mingi, kwa kuwa Buganda nako watu hula ndizi. Ndizi hujaza tumbo dogo upesi, ilhali protini na mafuta yake ni haba. Zamani wataalamu walilaumu protini peke yake. Baadaye wakakiri kwamba mambo ni mengi, kuharisha kukiwemo.

Sisi tulianza kwa dhati mwaka 1973. Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Dkt. T. N. Maletnlema. Mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. (Watu wa redio tunapenda kujisifu kwa hilo, mtuvumilie.) Miaka ya 1980 ikaja zamu ya Iringa. Katika vijiji 168 watoto walipimwa uzito palepale kijijini, na wanakijiji wakajadili wenyewe kwa nini fulani hakui.

Kazi ya namna hiyo yataka watu waliosomea. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, kinatoa shahada ya uzamili ya lishe ya binadamu. Kijana wangu anasoma kemia ya mwili na takwimu, ndiyo, lakini hupenda zaidi kuuliza fedha ya maziwa inashikwa na nani. Wala swali hilo halijapitwa na wakati: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Basi nikamgeuzia yule mama swali la kijana. Ng'ombe anaye? Anaye mmoja, wa zizini. Maziwa ya asubuhi yamekwenda wapi? Akanyoosha kidole kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara.

"Yote?"

Alipanga upya vichane vyake kabla ya kunijibu. "Yamebaki ya chai."