Motokari ya mazutu inakataa kuwaka asubuhi: pima buji mbele ya kulaumu batri

Katika komini ya Kikula, mjini Likasi, sauti hii inajulikana sana mwezi wa sita na wa saba: demarere inazunguka, motere inakohoa, moshi mweupe unatoka nyuma, kisha kimya. Shofere anajaribu tena na tena mpaka batri inachoka. Mwishoni vijana wanaitwa kusukuma.

Mara nyingi batri ndiyo inalaumiwa. Lakini kwa motokari za mazutu za zamani, kama vile Hiace, Hilux ao Mercedes 190 D, shida inaweza kuwa kwenye kipande kidogo chenye umbo la kalamu: buji ya kupasha moto, ile mafundi wanaita buji ya preshofaji. Kuibadilisha si kazi kubwa. Kuibadilisha vibaya, ao kulazimisha motere bila hiyo, ndiko kunaleta hasara.

Buji hii inafanya kazi gani?

Motere ya esansi inawashwa na cheche. Motere ya mazutu haina cheche. Pistoni inabana hewa karibu mara 20, hewa inapita nyuzi 500 za joto, na mazutu ikinyunyiziwa ndani inashika moto yenyewe. Lakini motere ikiwa baridi, chuma kinakula joto hilo na mazutu haiwaki vizuri. Inatoka kama moshi mweupe wenye kunuka.

Likasi iko kwenye kimo kinachopita metre 1.200 juu ya bahari. Usiku wa kiangazi, ile mupepo inaweza kushusha joto chini ya nyuzi 10. Na hewa ya mahali pa juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Ndiyo maana motokari iliyokuwa inawaka vizuri Dar es Salaam inaweza kuanza kusumbua ikiisha kuvuka Kasumbalesa na kufika huku.

Buji inaongeza joto linalokosekana. Ncha yake iko ndani ya chumba cha kuwakia. Kontakti ikifunguliwa, umeme unaipasha mpaka inakuwa nyekundu, nyuzi 800 na zaidi. Kila silinda ina buji yake. Jambo hili si la leo: Mercedes 260 D ya mwaka 1936, moja ya motokari ndogo za kwanza za mazutu kuuzwa kwa raia, ilikuwa nazo.

Kwenye motere za zamani sana, buji zilifungwa kwa mfuatano: moja ikikufa, zote zinazimika. Zilizofuata, kila buji inapata umeme wake. Hapo motokari inaweza kuwaka na buji tatu, huku ikitetemeka na kutoa moshi dakika chache, na mwenyewe anazoea bila kujua kwamba moja imekufa.

Namna ya kupima

Kwanza, fizibu na rele. Mtu mmoja afungue kontakti, mwingine apime kama umeme unafika kwenye ubapa wa chuma unaounganisha buji zote. Kama haufiki, kununua buji mpya ni kutupa franga.

Kama umeme unafika, kontakti ifungwe na ubapa ule utolewe, ili kila buji ibaki peke yake. Kisha taa ndogo ya kupimia: waya mmoja kwenye chanya ya batri, mwingine kwenye kichwa cha buji. Taa ikiwaka, waya wa ndani ya buji haujakatika. Ikikataa, buji imekufa. Mwenye multimetre anaweza kupima kati ya kichwa cha buji na chuma cha motere: kwa buji nyingi za volti 12, nzima inaonyesha omu 2 ao chini yake.

Taa haisemi kila kitu. Buji inaweza kupitisha umeme lakini ikapata joto kidogo tu. Kwa hiyo, kama moja imekufa na zingine zina umri mmoja nayo, mafundi wengi wanashauri kubadilisha zote.

Kutoa na kuweka

Hatari kubwa ni kuvunja buji ndani ya kulasi. Ikivunjika, sherti itobolewe na fundi mwenye vyombo vinavyofaa, ao kulasi yote ishuke. Kazi hiyo ni ghali mara nyingi kuliko buji zenyewe.

Kwa hiyo haraka haifai. Mafuta ya kulainisha kutu yanawekwa jana yake. Motere iwe na joto kidogo. Fungulo izungushwe polepole. Buji ikikaza, inarudishwa nyuma kidogo, inaongezewa mafuta, halafu inajaribiwa tena. Bomba ndefu ya kuongeza nguvu kwenye fungulo isitumiwe.

Ikitoka, tundu lisafishwe bila kuangusha uchafu ndani. Buji mpya inaanzishwa kwa vidole, kisha inakazwa kwa kiasi. Hii si buloni ya gurudumu.

Angalia volti

Hapa wengi wanapoteza pesa sokoni. Batri kuwa ya volti 12 hakuonyeshi kwamba buji ni ya volti 12. Toyota fulani zina buji za volti 6: zinapewa umeme mwingi mwanzoni, kisha mfumo unaupunguza. Ukiipima kwa kuifunga moja kwa moja kwenye batri, inaungua. Na Land Cruiser fulani za zamani kutoka Japani zina mfumo wa volti 24. Namba iliyo kwenye buji ya zamani ndiyo ya kufuata, si urefu tu ao uzi wa kukazia.

Rele ikikufa, kuna wanaofunga kitufe cha kubonyeza kwa mkono. Inasaidia, lakini shofere akikishika muda mrefu, ncha ya buji inavimba. Siku ya kuitoa haipiti kwenye tundu, ao inavunjikia ndani.

Mambo yanayoua motere

Dawa ya kupuliza yenye eteri ndiyo mbaya zaidi. Ikikutana na buji nyekundu, inalipuka mbele ya wakati wake na inaweza kuvunja pistoni. Kumwaga esansi kwenye njia ya hewa ni hatari vilevile, hata kwa mtu aliyeinama pale. Kuwasha moto wa matambara chini ya karteri kunaweza kuteketeza motokari nzima.

Kama buji zote ni nzima

Basi shida iko mahali pengine: fita ya mazutu imeziba, hewa inaingia kwenye bomba, enjektere zimechoka, ao motere haibani tena vizuri. Kama motokari inasumbua hata saa sita mchana wakati motere ina joto, buji haziko kwenye orodha ya kwanza.

Wakati mzuri wa kupima ni mwezi wa nne, mbele ya baridi kuingia. Motokari ambayo kila asubuhi inangoja kusukumwa, siku moja itaitwa usiku kumpeleka mgonjwa hospitali, na usiku ule wasukumaji watakuwa wamelala.