AI ya Ng'ombe na Fumbo la 1986

Huku Kesses kila mtu anamjua mtu wa AI. Si AI ya simu, ni ile ya ng'ombe. Anakuja na pikipiki, amebeba mtungi wa naitrojeni ya majimaji: nyuzi 196 chini ya sifuri. Wasee, shikeni hiyo namba.

Turudi 1911. Kule Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki mpaka karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Ghafla ukinzani wa umeme ukaisha. Sio kupungua, kuisha kabisa! Waya za kawaida hupoteza umeme kama joto. Hapo hakuna kilichopotea. Hiyo ndiyo supakondakta.

Maelezo yalichukua miaka 46. Mwaka wa 1957, Bardeen, Cooper na Schrieffer walisema hivi: elektroni husukumana, lakini kwenye baridi kali mtetemo wa atomi za metali unazipatanisha, zinatembea mbili mbili. Wengi wakaona stori imeisha.

Kumbe bado. Mwaka wa 1986, karibu na Zurich, Bednorz na Müller walijaribu kauri yenye shaba na oksijeni, ikavunja rekodi. Mwaka uliofuata wakapewa Nobel. Mwaka huo huo, 1987, kundi la Wu na Chu huko Marekani likapata kauri inayofanya kazi kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri. Pigeni hesabu: mtungi wa mtu wa AI una baridi ya kutosha!

Sasa, nani anaziunganisha elektroni humo ndani? Kila elektroni ni kama kisumaku kidogo. Wanafizikia wengi wanashuku misukosuko ya hivi visumaku, vikigeuka juu chini, ndiyo inazifunga jozi. Lakini hadi leo hakuna maelezo ambayo wote wamekubali.

Moi University ilianza 1984, miaka miwili tu kabla ya hilo fumbo. Na wanafizikia wa hapa Eldoret wameandika makala za nadharia kuhusu hizi kauri, kwa sababu nadharia haingoji maabara ya mabilioni. Inataka hesabu, muda na kichwa ngumu.

Ndio maana mimi sikubaliani na wanaouliza fizikia itakupeleka wapi. Sisi tunaambiwa tusome ya kuajiriwa, maswali makubwa tuwaachie wazungu. Manze, hili nao pia limewashinda. Kwa nini jibu lisitoke Kesses?