Mnakili wa Katikati: The Wailers wa Tacoma na Wimbo Uliopita Mikononi Mwao



Wengi wenu mnanijua kwa mambo ya tenzi na miswada, kwa hivyo msishangae mkiniona leo nazungumza habari za magitaa ya umeme. Kuna kosa nililolifanya zamani katika kazi yangu, na aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiuza makorokoro uani kwake. Nitafika huko. Kwanza niwape historia yenyewe, maana si wengi kwetu wanaoijua.

Nimeishi kaskazini-magharibi ya Marekani zaidi ya miaka ishirini sasa. Wenyeji wana desturi, siku za Jumamosi, ya kutoa vitu vyao vikuukuu nje na kuviuza kwa bei ya kutupa. Siku moja, katika mji wa Tacoma, nikaokota santuri ya bendi iitwayo The Wailers. Nikadhani ni wale wa Bob Marley. Mzee akacheka. Akasema hawa ni wa hapa hapa Tacoma, na jina walikuwa nalo kabla ya wale wa Jamaika. Kisha akaniuliza, "Louie Louie unaujua?" Nikamjibu naujua, ni wa The Kingsmen. Akatikisa kichwa. "Kila mtu husema hivyo," akasema, "na kila mtu anakosea."

Nilirudi nyumbani na santuri yangu, nikaanza kusoma. Kumbe mzee alikuwa na haki.

Tacoma ni mji wa bandari, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Seattle. Enzi hizo ulikuwa mji wa viwanda vya mbao na karatasi, wenye harufu mbaya iliyojulikana jimbo zima. Karibu yake palikuwa na kambi mbili kubwa za jeshi, Fort Lewis na McChord, na huko Seattle palikuwa na kiwanda cha ndege cha Boeing. Kwa hivyo palikuwa na vijana wengi, fedha kidogo mfukoni, na hamu ya kucheza dansi. Lakini Los Angeles iko mbali, kama kilomita 1,800 kwa barabara, na wanamuziki wakubwa hawakupenda kusafiri masafa hayo kwa usiku mmoja au wiwili. Basi vijana wakajipigia wenyewe. Walifanya mazoezi katika mabanda ya magari ya wazazi wao, na ndiyo sababu baadaye bendi za namna hii ziliitwa bendi za gereji.

Lakini hawakuanza na mikono mitupu, na hapa pana deni ambalo halitajwi inavyopasa. Seattle ilikuwa na mtaa wa Jackson Street, mtaa wa vilabu vya muziki vya watu weusi. Ray Charles alifika huko mwaka 1948 akiwa kijana asiyejulikana, na huko ndiko alikokutana na Quincy Jones. Chama cha wanamuziki kilikuwa viwili: nambari 76 cha Wazungu na nambari 493 cha weusi, na havikuunganishwa mpaka mwaka 1958. Katika miaka hiyo ya hamsini kijana mmoja mweusi, mpiga kinanda Dave Lewis, alikuwa na bendi yake ikipiga katika klabu ya Birdland, na vijana wa Kizungu wakawa wanakwenda kusikiliza na kujifunza. Ukiuliza sauti ya Kaskazini-Magharibi imetoka wapi, yaani lile zito la kinanda, saksofoni na ngoma, jibu ni kwamba sehemu kubwa imetoka kwa Dave Lewis na wenzake. Alifariki mwaka 1998, na nje ya jimbo lake ni wachache waliomjua.

The Wailers walikuwa vijana watano wa shule. Mwaka 1959 walitoa kipande kisicho na maneno kiitwacho "Tall Cool One", na kampuni moja ya New York, Golden Crest, ikakisambaza. Kikafika nambari 36 katika orodha ya taifa. Kampuni ikawataka wahamie New York. Wao wakarudi Tacoma. Sisi tulioondoka makwetu na kubaki ugenini tunaweza kuwaona wajinga. Lakini kurudi kwao ndiko kulikofanya yote yaliyofuata. Mwaka 1961 Buck Ormsby na Kent Morrill wa bendi hiyo, pamoja na mwimbaji aliyejiita Rockin' Robin Roberts, walianzisha kampuni yao wenyewe ya santuri, Etiquette. Hawakungoja tena mtu wa New York. Mwaka uliofuata wakatoa santuri ndefu iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Spanish Castle, uliokuwa kando ya barabara kuu kati ya Seattle na Tacoma. Ukumbi huo ndio Jimi Hendrix, mzaliwa wa Seattle, aliokuja kuuimba mwaka 1967. Mwaka uliofuata ukabomolewa. Etiquette hao hao mwaka 1964 walitoa santuri ya kwanza ya The Sonics, vijana wengine wa Tacoma waliopiga kwa ukali ambao watu hawajawahi kuusikia, na ambao wanamuziki wa miaka ya baadaye waliwahesabu kama babu zao.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe, maana hapa ndipo penye kazi yetu.

"Louie Louie" uliandikwa na Richard Berry, mwimbaji mweusi wa Los Angeles, na santuri yake ilitoka mwaka 1957. Ni habari ya baharia wa Jamaika, anamweleza mwuza baa aitwaye Louie jinsi anavyomtamani mpenzi wake aliyeko ng'ambo ya bahari. Mtu wa Mombasa au Zanzibar hahitaji kufasiriwa habari hiyo. Hata mdundo wake una ujamaa na sisi: Berry aliutoa katika cha-cha ya Mkyuba René Touzet, "El Loco Cha Cha". Muziki wa Kyuba ulioingia kwetu kwa santuri ndio uliomfanya Salum Abdallah wa Morogoro aiite bendi yake Cuban Marimba. Kisima kimoja, ndoo mbalimbali.

Santuri ya Berry ilivuma kidogo huko kusini, kisha ikazama. Yeye mwenyewe aliuza haki za wimbo kwa dola 750. Lakini nakala chache zilifika kaskazini, na inasimuliwa kwamba Roberts aliiokota katika lundo la santuri za bei rahisi. Mwaka 1961 akairekodi na The Wailers. Cha-cha ikatoka, gitaa na kinanda vikawekwa mbele, mwendo ukawa mzito zaidi. Na kabla ya gitaa kujibu peke yake, Roberts akatia ukelele wake mwenyewe, kuwaamuru wenzake wapige. Ukelele huo haumo kabisa kwa Berry.

Redio za Seattle zikaupiga wimbo mno. Kampuni moja ya Los Angeles ikajaribu kuusambaza taifa zima, lakini wapi! Haukusonga. Ukabaki kwao, kila bendi ya mji ikawa haina budi kuujua.

Tarehe 6 Aprili 1963, huko Portland, kiasi cha kilomita 230 kusini ya Tacoma, The Kingsmen waliingia studio. Walikuwa wameusikia wimbo huo katika lile sanduku la muziki la kutumbukiza sarafu, nao ulikuwa ule wa Roberts. Mwimbaji wao Jack Ely aliukumbuka vibaya akawafundisha wenzake mdundo uliopungua pigo. Kipaza sauti kilikuwa juu, ikambidi ainue kichwa na kupiga kelele, na meno yake yalikuwa yamefungwa nyaya za kunyooshea. Baada ya gitaa akaanza ubeti kabla ya wakati, akanyamaza, mpiga ngoma akaziba pengo. Hawakurudia. Santuri ikafika nambari 2 Marekani nzima mwishoni mwa mwaka huo.

Hebu sasa tuyaangalie haya kwa jicho la mtu wa miswada. Tunajuaje kwamba nakala C imetoka kwa B wala si kwa A? Tunatafuta kitu kilichoongezwa na B ambacho A hana. Tukikikuta kwa C, shauri limekwisha. Basi ule ukelele wa Roberts ndio ushahidi wetu: kwa Berry haumo, kwa Roberts umo, na kwa The Kingsmen umo, mahali pale pale. Hata kosa la Ely la kuingia mapema, bendi nyingine zilizokuja nyuma zililiiga, kama mnakili anayenakili mpaka doa la wino. Hakuna mfano mzuri kuliko huu wa kumfundishia mwanafunzi, na tangu siku ile ndio ninaoutumia.

Na hiyo hatima ya maneno! Kwa kuwa Ely hakusikika vizuri, vijana wakajitungia maneno machafu wakasema ndiyo yaliyomo. Mwaka 1964 gavana wa Indiana akautangaza wimbo kuwa wa aibu. FBI wakaingia, wakasikiliza kwa kasi hii na kasi ile, zaidi ya miaka miwili, wakajaza kurasa zaidi ya mia. Mwisho wakasema haufahamiki kwa kasi yoyote. Wakati wote huo maneno ya Berry yalikuwepo, safi, katika santuri ya 1957. Taifa zima lilikuwa likigombana juu ya nakala iliyoharibika na kuacha asili rafuni.

Mpaka hapa mtu wa shule yangu angesema: mnaona? Turudi kwenye asili. Ndivyo nilivyofundishwa katika udaktari wangu, nami niliamini hivyo miaka mingi. Lakini Tacoma imenikatalia. Maana asili ya Berry, pamoja na uzuri wake, ilikuwa imekwisha kuzama. Nakala ya Ely ni tunda la kusikia vibaya. Aliyeuokoa wimbo, akaupa umbo la kusafiri, ni yule wa katikati, na ndiye aliyesahauliwa upesi kuliko wote. Berry alipata haki yake, ingawa kwa kuchelewa: katika miaka ya themanini mapato ya wimbo yalianza kumrudia, na alipofariki mwaka 1997 hakuwa tena mtu wa kuhurumiwa. The Kingsmen walipata jina. Mwaka 1985 watu wa jimbo la Washington hata walifanya kampeni ya kuufanya "Louie Louie" wimbo rasmi wa jimbo lao. Roberts hakuyaona hayo. Alikufa katika ajali ya gari huko California, Desemba 1967, ana miaka 27.

Sisi pia tunao watu wa katikati. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi ngapi kwa mkono wake kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu? Alikuwa mtunzi na mpiga muziki pia. Hata hivyo tulimwita "mnakili" kwa muda mrefu, kana kwamba ni bomba tu la kupitishia maji.

Na sasa kosa langu. Katika miaka ya tisini nilirudi nyumbani na kinasa sauti kufanya utafiti wangu. Mzee mmoja wa jamaa yetu, ambaye mchana alikuwa fundi wa baiskeli na usiku akipiga gambusi harusini, alinisomea utenzi mrefu kwa moyo. Kila alipofika mahali fulani alitia beti zake mwenyewe: habari za mtaa, za chombo kilichozama, za watu aliowajua. Mimi nikachukia kimoyomoyo. Nikalinganisha na mswada niliokuwa nao, nikazikata beti zote ambazo hazimo. Katika tasnifu yangu pana mstari mmoja tu usemao kwamba nyongeza za msimulizi zimeachwa. Wakaguzi walinisifu kwa umakini. Na kwa kuwa kanda zilikuwa ghali nami sikuwa na fedha, nikarekodi juu yake mahojiano mengine.

Mzee alifariki kabla sijarudi. Utenzi wenyewe upo, umechapwa, yeyote anaweza kuusoma. Kilichopotea ni kile alichokiongeza yeye, ambacho hakikuwa na nakala ya pili popote duniani. Nilihifadhi kilichokuwa tayari kimehifadhiwa, nikafuta kisichokuwa na mwingine.

Ndiyo maana maneno ya yule mzee wa Tacoma yalinikaa rohoni. Naye alikuwa anaondoka, na alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya kucheza dansi Jumamosi usiku katika ukumbi usiokuwepo tena. Lakini alijua nani alipokea kutoka kwa nani, na aliona si haki jambo hilo kupotea.

Ombi langu ni dogo. Kila mmoja wetu anamjua mzee, au bibi, aliyepiga katika bendi ya mtaa au kikundi cha taarabu kisichopata kurekodi, waliokuwa "wakiiga tu" nyimbo za watu. Safari nyingine mkienda nyumbani, au hata kwa simu, waulizeni: wimbo ule mliupata kwa nani? Mliongeza nini? Nani aliuchukua kwenu? Siku hizi simu ya mfukoni inarekodi saa nyingi bila gharama, udhuru wangu wa kanda hamnao. Wala msikate kitu. Wakikosea, yaandikeni makosa yao kama yalivyo.

Wasalaam.