Kufungua Zawadi Ambazo Hazikufungwa

Wadau, hebu tuanzie tarehe 26 Desemba, ile siku ambayo wengi wenu mnakuwa mmejilaza kwa shibe ya jana. Waingereza wanaiita Boxing Day. Sisi Watanzania tumeipa jina letu, tena zuri tu: Siku ya Kufungua Zawadi. Redio zinasema hivyo, watu wa mtaani wanasema hivyo. Sasa mimi nimezaliwa na kukulia Mpanda, na katika utoto wangu wote sikumbuki kuona mtu akifungua zawadi siku hiyo. Nguo mpya ilishavaliwa asubuhi ya tarehe 25 kwenda kanisani. Kuku alishaliwa mchana. Tarehe 26 ilikuwa siku ya kiporo cha wali na kupeleka sahani za watu.

Lile jina la Kiingereza lenyewe halina habari ya kufungua chochote. Huko Uingereza ya zamani, siku moja baada ya Krismasi, mabwana waliwapa watumishi na wapeleka barua kijisanduku chenye hela kidogo au vitu. Wao walikuwa na wasaa, watumishi walikuwa wametoka kuwapikia sikukuu, basi kesho yake wanapewa chao. Mwaka 1871 sheria ikaifanya iwe siku ya mapumziko. Hilo sanduku likavuka bahari, likafika kwetu, na sisi tukaona: sanduku, zawadi, basi bila shaka linafunguliwa. Tafsiri ya mbunifu hiyo!

Nayasema haya kwa sababu hivi karibuni mhariri mmoja hapa Dar (jina kapuni, bado nakula kwake) aliniambia kwamba habari ya mapambo ya Krismasi huko kwetu Katavi haiwezi kuandikwa kwa kuwa "mapambo kule yamekuja na maduka ya vitu vya Kichina." Nilinyamaza pale pale, maana mwenye kalamu nyekundu habishiwi ofisini. Lakini nimelifikiria sana. Naona alichokisema kimepinda. Mapambo yalikuwepo siku zote, tena ya mikono yetu. Kilichokuwa adimu ni karatasi. Ukitaka kuandika historia ya Krismasi ya nyumbani kule kwetu, fuata karatasi: ilifika lini, kwa njia gani, na mikononi mwa nani.

Twende Karema kwanza, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Wabelgiji wakiongozwa na Kapteni Cambier walijenga kituo pale. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Kardinali Lavigerie. Ndiyo maana Wakatoliki wengi wa upande wetu hadi leo husema Noeli, neno la Kifaransa, wakati majirani zao wanasema Krismasi. Pale Karema ndipo alipoishi Adriani Atiman, mtu wa huko kwenye nchi za Mto Niger aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akafika kwetu mwaka 1889 na kutibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hebu fikirieni, miaka 67! Siku moja nitamwandikia makala yake peke yake.

Wakatoliki wana pambo moja kubwa la Noeli, nalo ni pango. Asili yake ni Italia, kijiji cha Greccio, ambako Fransisko wa Asizi alitengeneza hori la kwanza mwaka 1223 akitumia nyasi halisi na wanyama hai. Wazo la Fransisko lilikuwa rahisi: tumia kilichopo. Na ukiliangalia hivyo, ni wazo ambalo kijiji chochote cha Katavi kinaliweza bila kuagiza kitu Ulaya. Nyasi tunazo, mbuzi tunao, udongo tunao. Parokiani kwetu vijana walikuwa wanachukua mifuko mitupu ya simenti, wanaikunjakunja mpaka ilainike, wanaipaka masizi na udongo mwekundu, wanaitundika juu ya fito. Ukisimama mbali unaapa ni mwamba. Sisi watoto tulirudi nyumbani na kutengeneza la kwetu kwenye kona ya sebule, ng'ombe wakiwa wa udongo wa kisugulu, na mara zote ng'ombe mmoja alikuwa mkubwa kuliko Mtakatifu Yosefu.

Mti nao una kisa chake. Mti wa Krismasi wa kijani wenye mishumaa ni wa Wajerumani, na ulienea Uingereza hasa baada ya gazeti moja la London kuchapa picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka, mwaka 1848. Sisi hatuna misonobari Mpanda. Tuna miombo. Lakini Watanzania tulikwishajichagulia mti wetu, ule wenye maua mekundu kama moto unaochanua kuelekea mwisho wa mwaka. Mnauita nini? Mkrismasi! Na wenyewe si mwenyeji, asili yake ni Madagaska, wataalamu waliuandika vitabuni mwaka 1829, ukapandwa kila mahali kwa ajili ya kivuli na urembo wa barabara. Kwetu hatukuukata kuuingiza ndani. Tulikata matawi yake machache yenye maua, tukayafunga mlangoni pamoja na majani ya mkindu, na ikifika jioni maua yamekwishasinyaa. Kesho yake unakata mengine. Desemba Mpanda ni masika: maembe yanaoza chini ya miti, uyoga umejaa porini, kila kitu ni kibichi. Nani ahangaike na mti wa plastiki?

Sasa karatasi. Mwaka 1950 ndio mlango. Serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, kwa sababu moja tu: madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira. Mgodi wenyewe haukudumu, ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki. Na reli ndiyo iliyoleta vitu vya karatasi kwa wingi: magazeti ya wiki iliyopita kutoka Dar na Tabora, mifuko ya khaki ya sukari, kalenda, maboksi. Gazeti Mpanda halikufa likishasomwa. Liligeuka kuwa ukuta wa ndani ya nyumba, kifungashio cha maandazi, jalada la daftari.

Hapo kwenye jalada la daftari naomba nisimame kidogo, maana ndipo penye siri. Kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii anajua kujalidi. Januari ikifika mnaketi mezani na baba au dada mkubwa, karatasi ya khaki au kalenda ya zamani, mkasi, na uji mzito wa unga wa muhogo kama gundi. Unapima, unakunja kona, unakandamiza na kucha ili mkunjo ukae. Sasa niambieni, hiyo ina tofauti gani na kufunga zawadi? Hakuna hata moja. Akina mama wa Mpanda walijua kufunga zawadi vizuri kabisa, ila ujuzi wao waliutumia kwenye madaftari, kwa kuwa karatasi nzuri ikipatikana, mtoto wa shule ndiye aliyestahili.

Na hata hiyo karatasi ya rangi ya kufungia zawadi tunayoiona kama jambo la tangu na tangu, si ya zamani kihivyo. Mwaka 1917 huko Kansas City, Marekani, ndugu wawili wa familia ya Hall, wenye duka ambalo baadaye likaja kuwa Hallmark, waliishiwa karatasi nyepesi ya kufungia zawadi wakati wa Krismasi. Wakaamua kuuza karatasi za mapambo kutoka Ufaransa zilizokusudiwa kuwekwa ndani ya bahasha. Zikaisha zote. Biashara ikaanzia hapo. Kwa hiyo na wao walianza kwa kubahatisha na kilichokuwa rafuni.

Kabla ya hapo wenyeji wa miombo, Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na jirani zao Wanyamwezi, walikuwa na vifungashio vyao. Magome. Gome la mti wa miombo ukilibandua zima unapata mzinga wa nyuki, ukilishona unapata kilindo cha kuhifadhia nafaka na vitu vya thamani, na nyuzi zake zinatoa kamba ya kufungia mzigo wowote. Asali ilisafiri kwa mgeni ikiwa ndani ya gome. Ukipelekewa chakula kilikuja kimefunikwa kwa kawa au kwa kitambaa cha kudarizi. Mama alikuwa na vitambaa sita vya namna hiyo, vyeupe, vyenye maua ya uzi wa rangi, ambavyo vilikaa sandukuni mwaka mzima na kutoka Desemba tu: vitatu kwenye makochi, viwili juu ya redio na meza, na kimoja cha kufunikia sahani za kwenda kwa majirani. Jirani yetu Mwislamu alikirudisha kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi, na siku ya Idi sahani ilikuja upande wetu. Hiyo ndiyo zawadi iliyofunguliwa tarehe 26, ukitaka kubishana nami kuhusu jina la sikukuu.

Halafu ikaja miaka ya shida. Wengi wenu mmeisikia tu kwa wazazi. Vita vya Kagera viliisha mwaka 1979, na nchi ikabaki haina fedha za kigeni. Foleni kwenye maduka ya RTC, sabuni hakuna, sukari hakuna, nguo hakuna. Mwaka 1983 Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Mama anasema Krismasi ya mwaka huo zawadi aliyopewa na shangazi yake ilikuwa nusu mche wa sabuni uliofungwa kwenye ukurasa wa gazeti la Uhuru, na uzi wa katani juu yake umefungwa ua. "Ule uzi ndio ulioniliza," aliniambia. Mtu hana sabuni ya kutosha, bado anatafuta muda wa kufunga ua! Minyororo ya karatasi ya kutundika darini walitengeneza kwa kurasa za madaftari yaliyokwisha, wakizichovya kwenye rangi ya kutia mikeka au kwenye bluu ya kufulia. Hesabu za darasa la nne zilisomeka vizuri tu, sahihi na makosa yake.

Kitu hicho hicho kilitokea Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na baadaye Mishamo. Watu walifika porini na kuanza upya kabisa. Nilipokwenda huko kuripoti, mzee mmoja, ambaye sasa ana uraia wa Tanzania kama maelfu ya wenzake waliopewa vyeti kuanzia mwaka 2014, alinieleza kwamba jambo la kwanza walilofanya Noeli ya kwanza ni kusimamisha tao la matawi mbele ya kibanda cha kusalia. Migomba ilikuwa haijakua bado. Walitumia miti ya porini.

Kuna nyota moja ya karatasi napenda kuitaja, ya Wamoravian, ambao wamo Unyamwezi tangu mwaka 1898 na wapo Mpanda pia. Nyota yao maarufu ilizaliwa karne ya 19 kwenye shule ya bweni ya wavulana huko Niesky, Ujerumani, kama zoezi la hesabu za maumbo. Ya kawaida ina pembe 25, na pale ambapo ingekaa ya 26 ndipo inapotundikwa. Katika mabweni ya kanisa hilo watoto wengi walikuwa wa wamisionari, wazazi wao wako nchi za mbali, na kila Majilio walikaa wakizikunja nyota. Yaani hata huko Ulaya, pambo hili linalouzwa ghali leo lilianza kwa watoto wenye upweke, mkasi na karatasi.

Baada ya soko huria mambo yalibadilika haraka. Zikaja mitumba, kadi za Posta zilizotundikwa kwenye uzi ukutani kama nguo za kuanika, kisha simu zikaua kadi. Ikaja mifuko ya rambo, tukaikatakata na kutengeneza maua. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, lami ya kutoka Tabora ikafika, na pamoja nayo taa za kumetameta. Sizichukii. Mpwa wangu anazipenda na mimi ndiye ninayemnunulia.

Lakini tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki, na bahasha za karatasi zikarudi sokoni. Mwaka jana nilimkuta mama barazani na wanawake wawili wa mtaa, wamezungukwa na mifuko ya simenti iliyokung'utwa vumbi, sufuria ya uji wa muhogo katikati. Walikuwa wanatengeneza bahasha za kuuza, na vipande vilivyobaki walimwachia mpwa wangu. Akakunja nyota ya pembe nane. Kwenye pembe moja bado yalisomeka maandishi mekundu: kilo 50.