Kutoka Karatina hadi Manda: Mabaraza ya Mwandishi wa Mlima Kenya

Wahakiki wa fasihi ya Kenya wamezoea kuigawa nchi mafungu mawili. Pwani hupewa utenzi, mashairi na hati za kale. Bara hupewa siasa, ardhi na riwaya. Mgawanyo huu hurahisisha kazi ya kufundisha, lakini historia yenyewe haikuufuata. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mojawapo ya vitabu vikubwa vya wilaya ya Nyeri kina mizizi yake katika kisiwa cha Manda, mkabala na mji wa Lamu, na kwamba mwandishi wake hakufika huko kwa hiari.

Tuanze na baraza la nyumbani. Kabla ya misheni kuleta vitabu, wenyeji wa chini ya Mlima Kenya walikuwa na gicandi. Mafundi wawili walikutana mbele ya watu, aghalabu sokoni, kila mmoja ameshika kibuyu chenye mbegu za kukilizisha na alama zilizochorwa juu ya ganda lake. Walitegana mafumbo kwa ubeti, na aliyeshindwa kufumbua alikipoteza kibuyu chake. William na Katherine Routledge walikieleza kibuyu hicho katika kitabu chao cha mwaka 1910. Padri Merlo Pick wa shirika la Consolata akauchapisha utungo wenyewe mwaka 1973. Lakini ni Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004, aliyeiweka gicandi bega kwa bega na majibizano ya washairi wa Kiswahili, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake. Aliyezoea kusoma namna Muyaka wa Mombasa alivyojibizana na watu wa Lamu hatapata shida kuuelewa mchezo wa vibuyu viwili.

Gakaara wa Wanjau alizaliwa mwaka 1921 katika mazingira haya ya mafumbo, lakini pia katika mazingira ya misheni ya Kipresbiteri ya Tumutumu. Alisoma Alliance, akafukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi, akaingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha alianza kuandika na kuchapisha vijitabu pamoja na wenzake huko Nakuru, na kijitabu chake cha kwanza, kilichohusu ndoa, kilitoka mwaka 1946. Jambo linalosahauliwa mno ni kwamba hakuandika kwa Kikuyu peke yake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 alitoa *Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika*, kwa Kiswahili, ili kimfikie Mwafrika asiyejua lugha ya Nyeri. Tunapoorodhesha waandishi wa nathari ya Kiswahili wa wakati huo, jina lake haliko. Sioni sababu ya haki ya kuliacha.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa usiku wa kwanza. Alipelekwa Kajiado, kisha pwani, kisiwani Manda. Huko Takwa, kwenye magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa ukingoni mwa karne ya 17 na ya 18, serikali ya kikoloni iliweka kambi ya watu iliowaona kuwa viongozi wa fikra. Kwa nyakati mbalimbali kisiwa hicho kiliwafunga pia Pio Gama Pinto na Achieng Oneko, wote wawili watu wa magazeti. Makao waliyopewa yalikuwa haya, nayo yalizungukwa na askari.

Ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari ulikuwapo mji wa Lamu, ambako Muhamadi Kijumwa, mnakili mashuhuri wa tenzi, alikuwa amefariki miaka michache tu nyuma, 1945. Mapokeo mawili ya utungo yalikuwa yakitazamana kwa mwendo wa mashua, na sheria ikawakataza watu wake kuonana. Ndani ya kambi Gakaara aliandika shajara kwa siri. Humo tunawakuta watu wanaobishana, wanaopokea habari za nyumbani kwa uchungu, wanaoulizana kiongozi ni nani na msaliti ni nani. Ni nathari kavu, isiyojipamba, na kwangu mimi ubora wake umo katika ukavu huo.

Baadaye alihamishiwa Athi River, kambi iliyokusudiwa kuwageuza mahabusu fikra. Hapo pia palikuwa na hadhira, na Gakaara aliitungia michezo ya kuigiza. Michezo hiyo ilikwenda sambamba na matakwa ya wakuu wa kambi. Wapo wanaopenda kuupita ukurasa huu haraka, kwa heshima ya shujaa. Mimi naona hatuna haki ya kuuficha, maadamu yeye mwenyewe hakuuficha. Mwandishi yule yule aliyeweka shajara ya siri aliandika pia ya kusomwa na bwana wa kambi, na mwanahistoria wa fasihi hana budi kuyasoma maandishi yote mawili pamoja.

Alipoachiliwa alirudi Mathira, na hatimaye kiwanda chake cha uchapaji kikasimama mjini Karatina, mji wa soko kubwa. Humo lilitoka jarida la *Gikuyu na Mumbi*, na humo wasomaji wa vijijini walinunua hadithi kwa bei ya sokoni. Shajara yenyewe ilichapishwa Nairobi mwaka 1983 kwa Kikuyu, ikapata Tuzo ya Noma ya 1984 pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Mwaka 1986 mwandishi alikamatwa tena, safari hii na serikali ya nchi huru. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1988. Gakaara alifariki mwaka 2001.

Wanafunzi wangu wanaotoka Nyeri huniuliza kwa nini wasomeshwe tenzi za Lamu. Siku hizi huwapa kwanza kurasa za Manda, kisha nawaonyesha ramani.