Simu ya Mkononi na Dozi ya Mama Mjamzito

Ukiingia katika nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu waweza kukuta birika la maji lenye visamaki ndani yake. Visamaki hivyo vina kazi: hula viluwiluwi vya mbu. Vita vya watu wa visiwa hivi na mbu si vya jana. Leo tuzungumzie silaha changa katika vita hivyo, simu ya mkononi, na faida yake kwa mama mjamzito.

Mjamzito anaweza kuwa na viini vya malaria asihisi homa wala kuumwa na kichwa. Viini hujificha katika kondo la nyuma, vikamnyima mtoto chakula na kumpunguzia mama damu. Mtoto huweza kuzaliwa na uzito mdogo, au mimba ikaharibika. Kwa hiyo usingoje homa ndipo uende kliniki.

Mwaka 1998 Kenya iliweka sera ya kuwapa wajawazito tembe za SP, ambazo wengi wetu tulizijua kwa jina la Fansidar, hata kama hawaumwi. Mwanzoni zilikuwa dozi mbili. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo: baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, mama apewe dozi kila aendapo kliniki, mradi upite mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, mpaka ajifungue. Lengo likawa dozi tatu au zaidi. Wako wanaouliza, je, dawa hii si iliachwa? Iliachwa kutibu malaria, kwa kuwa viini viliizoea, na mwaka 2004 Kenya ikachagua dawa mseto. Kwa kinga ya mjamzito bado inafaa. Lakini anayemeza Septrin kila siku hapewi SP, basi mweleze muuguzi dawa zote unazotumia.

Dozi kuongezeka maana yake ni mama kurudi tena na tena. Kwa mama ambaye kituo chake kiko ng'ambo ya maji, kurudi si kuvuka barabara. Kuna kupwa na kujaa, kuna kusi ikivuma, kuna nauli ya boti. Hapo ndipo simu inapoingia.

Hapa Kenya simu ilijaribiwa kwa wahudumu wenyewe. Kati ya mwaka 2009 na 2010, katika vituo 107 vya mashambani vya pwani na magharibi, baadhi ya wahudumu walitumiwa arafa za kuwakumbusha jinsi ya kutibu watoto wenye malaria. Matibabu sahihi yaliongezeka kwa karibu alama 24 za asilimia. Ikiwa muuguzi aliyesomea kazi hiyo alihitaji kukumbushwa, seuze mama mwenye watoto watatu na chungu jikoni?

Miaka hiyohiyo, jirani zetu wa Unguja walifanya utafiti ulioitwa Wired Mothers. Walishiriki wajawazito 2,550 wa vituo 24. Katika nusu ya vituo hivyo, mama alipata arafa za kumkumbusha kliniki, pamoja na salio la kumpigia mkunga. Kati yao, asilimia 44 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Kwa wenzao wasiopata huduma hiyo ilikuwa asilimia 31. Dozi za kuzuia malaria nazo zilielekea kuongezeka, ila si kwa kiwango cha kuthibitika.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko asilimia hizo. Katika kujifungua kwa msaada wa mkunga, simu iliwasaidia sana wanawake wa mjini, lakini wa mashamba haikuwafaa kiasi hicho. Arafa hufika. Haina chombo cha kukuvusha, wala haijazi dawa kwenye kabati la kituo.

Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama alituma neno MTOTO kwa nambari 15001, bila malipo, akapokea mawaidha kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba yake, yakiwemo ya neti na SP. Baba pia aliweza kujiunga, jambo la busara, kwani nyumba nyingi simu ni ya mume.

Kwa hivyo baba, arafa ya kliniki ikiingia kwako, msomee mkeo siku hiyohiyo, na nauli uitume kwa M-Pesa ukiwa mbali. Nawe mama, mwulize muuguzi tarehe ya kurudi na nambari ya kituo. Itie tarehe hiyo kwenye simu, kengele ilie siku mbili kabla, upate muda wa kutafuta boti. Kabla ya kuvuka, piga uulize kama SP ipo. Na usiku, kengele ilie isilie, lala ndani ya neti yenye dawa.