Kiharusi, pikipiki na barabara za ubongo: Morogoro ilipohesabu wafu wake

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Tuzungumzie ugonjwa ambao karibu kila mtaa wa mji kasoro bahari una mtu wake: kiharusi. Na pembeni yake tumweke ndugu yake wa siku hizi, yaani jeraha la kichwa linaloletwa na pikipiki. Kwa nje vinaonekana mambo mawili tofauti kabisa. Lakini vikishafika ubongoni, mara nyingi vinaharibu kitu kimoja.

Tuanzie mwaka 1992. Miaka ile takwimu nyingi za afya nchini zilihusu watoto na kina mama wajawazito. Mtu mzima akifia nyumbani kijijini alizikwa, matanga yakaisha, basi. Nani aliandika kilichomuua? Ndipo Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ikaanzisha mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima, uliojulikana kwa kifupi kama AMMP. Yalichaguliwa maeneo matatu: sehemu za jiji la Dar es Salaam, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini. Hai iliwakilisha kijiji chenye nafuu, Morogoro Vijijini ikawakilisha kijiji maskini. Ndivyo tulivyoandikwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba, na palipotokea kifo walikaa na ndugu wa marehemu na kuuliza: Alianza kuumwa lini? Upande mmoja ulilegea? Maneno yalimpotea ghafla? Madaktari wakasoma majibu na kuamua chanzo cha kifo. Bila maiti kupasuliwa wala mashine yoyote, ila kumbukumbu za wafiwa tu.

Matokeo ya miaka mitatu ya kwanza yalichapishwa na Richard Walker na wenzake katika jarida la The Lancet mwaka 2000. Katika vifo 7,629 vya watu wa miaka 15 na kuendelea, 421 vilitokana na kiharusi. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, Morogoro Vijijini ilipoteza wanaume 35 na wanawake 27 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa mbaya zaidi, wanaume 65 na wanawake 88. Sasa linganisha na Uingereza na Wales mwaka 1993: wanaume 10.8, wanawake 8.6. Yaani hata Morogoro, iliyokuwa na nafuu kuliko maeneo yote matatu, iliwazidi Waingereza mara tatu. Ile hadithi kwamba kiharusi ni ugonjwa wa wazungu na matajiri iliishia hapo. Watafiti walinyoosha kidole kwa shinikizo la damu lisilotibiwa.

Lakini hesabu ya wafu haisemi kitu kuhusu waliobaki hai. Na hapa ndipo tunapoingia ndani ya ubongo.

Ubongo ukipasuliwa unaonyesha rangi mbili. Juu kuna ganda la kijivu, ndani kuna sehemu nyeupe. Mtaalamu wa Italia, Archangelo Piccolomini, alizitenganisha sehemu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1586. Kwa muda mrefu sifa zote zilikwenda kwa ile ya kijivu, maana ndiko ziliko seli zinazofikiri. Nyeupe ikaonekana kama ujazo tu. Kumbe ule weupe ni mafuta yanayofunika nyuzi za fahamu, kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliyapa jina la mayelini mwaka 1854.

Kwa mtu wa Morogoro mfano ni rahisi. Sehemu ya kijivu ni vijiji na miji, sehemu nyeupe ni barabara. Nyuzi hizo ukiziunganisha ncha kwa ncha zinazidi kilomita 100,000, yaani safari ya Moro hadi Dar zaidi ya mara 500, zote ndani ya fuvu moja. Sasa mvua ya masika ikikata barabara ya Kinole, ndizi shambani zipo na wanunuzi mjini wapo. Hakuna kijiji kilichokufa. Ila ndizi zinaoza.

Kiharusi kinakataje barabara hizo? Sehemu nyeupe iliyo ndani kabisa hulishwa na mishipa ya damu mirefu na myembamba mno. Presha ikiwa juu miaka mingi, kuta za mishipa hiyo zinakuwa nene, njia inabana, mwisho inaziba au inapasuka. Mwaka 1894 Otto Binswanger alieleza wagonjwa waliopoteza akili taratibu huku sehemu yao nyeupe ikisinyaa. Na uharibifu haukomei palipoziba. Augustus Waller alionyesha mwaka 1850, kwa kukata neva za ulimi wa chura, kwamba uzi uliotengwa na seli yake huoza kutoka pale ulipokatwa hadi mwisho wake. Ndiyo maana kidonda kidogo ndani ya kichwa kinaweza kuulegeza mkono mzima.

Jeraha la kichwa lina njia yake. Mwaka 1956 Sabina Strich, mtaalamu wa Oxford, alichunguza ubongo wa watu waliogongwa kichwa wakaishi miezi kadhaa bila kurudiwa na akili. Kwa nje ubongo haukuonyesha uharibifu wa kutosha kueleza hali ile. Ndani, sehemu nyeupe ilikuwa imeharibika kila mahali. Kichwa kikisimama ghafla au kuzungushwa kwa nguvu, ubongo unajisokota na nyuzi zinavutika. Nyingine hukatika papo hapo, nyingi huendelea kufa kwa saa na siku zinazofuata.

Picha ya kawaida ya CT, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa London mwaka 1971, mara nyingi haizioni nyuzi hizo. Ndiyo maana kijana aliyeanguka na bodaboda Msamvu anaweza kuambiwa picha ni safi, akarudi nyumbani, na bado asiwe yule yule. Amekuwa mzito wa kujibu, ana hasira za ghafla, anasahau chenji. Watu wanasema ana kiburi, au karogwa. Vivyo hivyo mjomba aliyekuwa akisuluhisha kesi za ukoo, baada ya kiharusi anakaa kimya kikaoni, wanadhani amesusa.

Msidhani imani hizo ni za milimani peke yake. Utafiti wa Gerry Mshana na wenzake, uliotoka mwaka 2008, ulikuta watu wa Dar es Salaam ndio waliokihusisha zaidi kiharusi na mashetani na uchawi, wakati watu wa Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo.

Utafiti mwingine mkubwa wa kiharusi, wa mwaka 2003 hadi 2006, uliwahesabu wagonjwa wapya, na si wafu pekee. Ulifanyika Hai na Dar es Salaam. Safari hiyo Morogoro haikuwemo. Kwa hiyo sisi tulihesabiwa makaburi, wenzetu wakahesabiwa na wagonjwa.

Tufanyeje basi? Barabara hizi hazina greda la kuzitengeneza. Zikikatika, kinachosaidia ni mazoezi ya mapema na ya muda mrefu, ili ubongo ujifunze njia za mchepuko. Kinga ni rahisi zaidi. Kupima presha, na dawa ukianzishiwa usiziache kwa sababu umejisikia nafuu. Kofia ngumu nayo hupunguza majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki kwa asilimia 69 hivi, na vifo kwa asilimia 42. Abiria nawe dai yako, na uifunge mkanda.

Na yule wa nyumbani kwenu aliyebadilika, kabla hamjamwita mkaidi, mpeni muda wa kujibu. Neno lipo, ila linapita njia ya mzunguko.